Jinsi Nyamburi Alivyomfundisha Dafroza Kupigana

Kila asubuhi Nyamburi aliamka, akachukua ndoo, akashuka kutoka mtaa wa Nyasho mpaka ziwani kuteka maji. Akirudi alifagia uwanja, akachuma majani ya mpapai, akayaponda na kufulia shati lake la shule. Majani ya mpapai hayatoi povu la maana, lakini mtu angefulia nini? Ulikuwa mwaka 1983. Sabuni ilikuwa imeadimika Musoma hadi watu wakasema kunguru wenye shingo nyeupe wamebaki weusi tii kwa kukosa kuoga. Mjini kulikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, ngurumo za mitambo yake zikisikika mbali, na bado nusu ya wavulana wa darasa la sita walijibu maswali wakiwa wamekaa, maana kaptula zao zilikuwa na madirisha nyuma.

Nyamburi alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikula uji wa unga wa njano bila sukari, akaenda shule bila kunung'unika. Uhaba uliomuuma kuliko wote ulikuwa wa madaftari. Shule iligawa madaftari mawili kwa muhula, na madukani hata ukilia damu hupati jingine.

Sababu ya kuumia ilikuwa hii. Mwaka uliotangulia, rafiki yake Thadeo alihamia Butiama pamoja na baba yake, ambaye alikuwa mwalimu. Kabla ya kuondoka, Thadeo alitunga mchezo wa vita ndani ya daftari la kurasa arobaini na nane. Katika daftari hilo kulikuwa na nchi inayoitwa Sebuga, yenye mapango, fisi wanaoongea, na Kamongo Mkuu, samaki mkubwa aliyelala ndani ya matope miaka mia tatu huku mgongo wake ukiota nyasi kama kisiwa. Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake. Shujaa alianza na pumzi ishirini, ngao, mkuki na kibuyu kimoja cha dawa. Ukitaka kupiga, unarusha punje sita za mahindi zilizochomwa upande mmoja, unahesabu zilizolala upande mweusi juu, kisha unaandika: ndizo pumzi anazopoteza adui. Pumzi zikiisha, shujaa amekufa, na mwenye shujaa haandiki tena kabisa.

Kwa kuwa wachezaji hawakuonana wakirusha punje, ukurasa wa kwanza ulikuwa na sheria moja tu, imeandikwa kwa wino mwekundu ambao Thadeo alikuwa ameuiba mezani kwa baba yake: SEBUGA HAKUNA UONGO.

Daftari lilisafiri kwa lori la marobota ya pamba, lililotoka kwenye kinu cha kuchambulia pamba cha Bunda kuja kiwandani Musoma. Likirudi, dereva alilipeleka daftari Bunda kwa Bernado, mchezaji wa tatu, ambaye baba yake alifanya kazi kinuni. Safari iliyofuata ya kuja Musoma aliliacha kwenye duka la njia panda ya Butiama kwa ajili ya Thadeo, na safari nyingine akalirudisha kwa Nyamburi. Mzunguko mmoja ulichukua wiki mbili dizeli ikiwepo. Dizeli isipokuwepo, mashujaa wote wa Sebuga walisimama na mikuki juu mwezi mzima, mikono ikiwauma, fisi nao wakiwasubiri kwa adabu.

Dereva mwenyewe aliitwa Wanzagi, mzee mwenye tumbo la mbele na uongo wa kila upande. Aliapa kwamba siku moja lori lake lilitembea kutoka Bunda mpaka Bweri kwa harufu ya dizeli tu. Siku nyingine tairi lilipasuka, akalijaza pamba, na lori likaenda kimya hivyo hadi paa barabarani hawakugeuza shingo.

Nyamburi alikuwa hodari kuliko wenzake. Shujaa wake, Ghati, alikuwa ameua fisi tisa na kubaki na pumzi kumi na saba. Thadeo mwenyewe, mtunzi wa Sebuga, alikuwa amebaki na nane. Kila Alhamisi baada ya shule Nyamburi alipita mtaa wa Mukendo, akaenda kusimama karibu na geti la kiwanda kusubiri lori, na njiani alikuwa akipigana hewani kwa ufito, wapita njia wakimkwepa.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita daftari lilikuja na mwandiko mgeni.

"Nimemwingiza dada yangu, mtoto wa mama mdogo," Bernado aliandika. "Anaitwa Dafroza. Hajui kitu. Nyamburi, wewe ndiye fundi wa vita, mwandikie namna ya kuanza."

Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kubwa, zilizolala kama mihogo iliyoanguka kwenye kikapu: "Shikamoo dada Nyamburi. Shujaa wangu anaitwa Nyamwezi-wa-Usiku. Anakimbia sana. Naomba unifundishe kupigana. Nitafuata yote."

Nyamburi hakumtazama huyo shujaa anayekimbia. Alitazama ukurasa. Maneno manne, mstari umekwisha! Salamu peke yake zimekula robo tatu ya ukurasa! Akafunua mpaka mwisho, akahesabu kurasa nyeupe. Zilikuwa kumi na tatu. Akahesabu tena akitumaini mbili zilikuwa zimegandana. Kumi na tatu.

Watu watatu wenye mwandiko mdogo wangefika mpaka Desemba, na Desemba wangemfikia Kamongo Mkuu. Na huyu mwenye mihogo je? Agosti Sebuga imekwisha, na daftari jingine hakuna Musoma, hakuna Bunda, pengine hakuna dunia nzima.

Akaketi juu ya jiwe nje ya geti akafikiri. Bernado hawezi kumfukuza ndugu yake. Thadeo ana huruma za kipumbavu. Lakini shujaa akifa, mwenyewe haandiki tena.

Akalamba ncha ya penseli, akaandika kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:

"Karibu Dafroza. Vita si vigumu. Ukimwona adui mkubwa, mpige huyo huyo kwanza, wadogo wataogopa. Tangulia mbele ya wenzako ili upate sifa. Ngao ni mzigo, itupe, utakimbia vizuri. Dawa inywe mapema ukiwa na nguvu zako, inafanya kazi zaidi. Ukizidiwa usirudi kwa wenzako, kimbilia matopeni, Kamongo hapendi kuamka."

Yote yalikuwa kinyume. Nyamburi mwenyewe hakuwahi kupiga adui bila kumzunguka kwanza. Ngao alilala nayo. Dawa aliificha mpaka pumzi zifike sita. Na matopeni hakukanyaga hata kwa ndoto.

"Umemaliza?" Mzee Wanzagi aliuliza kutoka juu ya lori, akikunja turubai. "Leo unaandika kwa kuficha mkono kama mtu anayekula nyama peke yake."

"Nimemaliza, baba. Ni mafunzo ya mgeni."

"Haya. Nilikuwaga mgeni na mimi zamani." Akalichukua daftari, akalitia chini ya kiti chake.

Mzunguko ulichukua wiki tano, kwa sababu ya dizeli. Daftari liliporudi, Nyamburi alilifungua hapo hapo, kabla hata ya kumwamkia mzee.

Dafroza alikuwa amefuata yote. Nyamwezi-wa-Usiku alitupa ngao mtoni. Alikunywa dawa akiwa na pumzi zake zote ishirini. Alitangulia mbele ya Thadeo na Bernado, akampiga fisi mkuu, akapigwa, akazidiwa, akakimbilia matopeni, na Kamongo akafumbua jicho moja. Thadeo alikuwa ameandika mwisho wake kwa wino mwekundu: "Amemezwa."

Na juu ya neno hilo, kwa herufi zile kubwa, ingawa safari hii zilijitahidi kubana: "Asante dada Nyamburi kwa kunifundisha. Nilifanya kama ulivyosema. Nadhani kuna mahali nilikosea. Kwaherini."

Zilibaki kurasa kumi. Nyamburi alingoja furaha ije. Alingoja kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita.

"Shikamoo, baba," alisema mwishowe.

Mzee Wanzagi alizima injini. Alishuka, akaketi juu ya ngazi ya lori. "Marahaba. Unajua, hilo daftari nalisomaga."

Nyamburi akashtuka. "Unasoma?"

"Nikikosa dizeli nikalala siku nne njia panda, nitasoma nini, matairi? Nimesoma tangu ukurasa wa kwanza. Najua Ghati wako hajawahi kutupa ngao. Nilipoyaona mafunzo yako nikasema, labda ni mzaha, mtoto wa Getruda hawezi. Nikampelekea." Akapangusa uso. "Hilo kosa ni langu pia. Ningelitia daftari kwenye injini likaungua."

"Ni mchezo tu, baba."

"Mchezo. Unajua naupeleka wapi? Si kwa Bernado tu. Naupeleka wodini. Yule mtoto amelala hospitali ya misheni miezi minne sasa. Alianguka kutoka juu ya mzigo wa pamba, mguu ukavunjika, mfupa ukaoza kwa ndani. Dawa hakuna. Bandeji wanamwambia mama yake aje nazo nyumbani. Amefungwa gango, mbao za kushikilia mfupa, toka nyonga mpaka kisigino, anaandika akiwa chali, daftari juu ya uso. Ndiyo maana herufi zake zinalala."

Nyamburi aliutazama mwandiko. Haukuwa mihogo tena.

"Mbona Bernado hakusema?"

"Mwenyewe alimkataza. Hataki mumhurumie. Mle ndani ya daftari yeye anakimbia." Mzee Wanzagi akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Nyamburi amfahamu, alimaliza kusema jambo bila kuongeza chumvi. "Juzi nilipompitia alikuwa amegeukia ukuta. Nikamdanganya kwamba nimekutana na Kamongo pale Makutano akiomba lifti. Hakucheka."

Jioni hiyo Getruda, mama yake Nyamburi, alikuwa nyuma ya nyumba akifukiza samaki. Walikuwa sangara watupu. Furu, samaki wadogo aliokuwa akiwakaanga zamani, walikuwa wameliwa na hao hao sangara, na mama alisema hata ziwa sasa lina wenyewe. Nyamburi alisimama kwenye moshi ili machozi yapate kisingizio, akaeleza yote, kuanzia kurasa kumi na tatu.

Getruda alisikiliza akigeuza samaki. "Umemdanganya mgonjwa," alisema.

"Sikujua kama ni mgonjwa, mama."

"Na angekuwa mzima?"

Mama yake aliingia ndani, akatoka na kanga yake ya pili, ile ya kanisani. Akaing'ata pindoni, akaichana. Sauti ya kanga kuchanika ilimwingia Nyamburi kuliko kiboko. Mama alichana vipande virefu vya upana wa vidole vinne, akavitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka.

"Hizi ni bandeji. Za kwako utazitafuta mwenyewe."

Nyamburi alikwenda kwenye mfuko wake wa shule. Daftari lake la hesabu lilikuwa na kurasa nane nyeupe, za kumfikisha mwisho wa muhula. Akazichomoa zote nane polepole, akazishona kwa uzi kwenye daftari la Sebuga. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, bila kubana:

"Mimi Nyamburi nimevunja sheria ya ukurasa wa kwanza. Niliogopa kurasa zitaisha, nikamfundisha Dafroza uongo ili afe. Dafroza, hukukosea mahali popote. Kosa ni langu. Ghati anaingia matopeni kukutafuta, na akikupata anakupa pumzi zake kumi. Thadeo, naomba uruhusu."

Akampelekea mzee Wanzagi daftari na bandeji. Lakini lori lilikuwa limesimama. Dizeli hakuna. Wiki ya kwanza hakuna. Wiki ya pili ikaja mvua ya ghafla, dizeli haikuja. Kila siku Nyamburi alipita getini, na kila siku mzee Wanzagi alikuwa kivulini chini ya lori, akimwonyesha viganja vitupu.

Shuleni mwalimu wa hesabu aliuliza daftari liko wapi. Nyamburi alisema kweli, kwamba amechomoa karatasi. Akapigwa fimbo nne, na tangu hapo akafanya hesabu nje ya mlango, kwa kijiti kwenye vumbi. Kila upepo wa ziwani ulipovuma, ulimfutia majibu yake, sahihi na makosa pamoja.

"Si ungesema limeibiwa?" aliuliza Masatu, jirani yake wa dawati. "Mimi langu huwa linaibiwa kila muhula. Hata mwezi huu litaibiwa."

"Nimechoka kusema uongo," Nyamburi akajibu. Masatu alimtazama kama mtu mwenye homa.

Dizeli ilipatikana mwishoni mwa Agosti. Lori likaondoka. Liliporudi katikati ya Septemba, daftari lilikuwa limeloa pembeni, na habari zake zilikuwa mbaya zote.

Thadeo aliandika kwa wino mwekundu: "Sebuga hakuna uongo. Nyamburi atoke. Na mimi natoka, kwa sababu sijui tena ni fisi gani ulimuua kweli." Hilo lilimuuma, maana fisi wote tisa aliwaua kwa haki, na sasa hakuna wa kumwamini. Bernado hakuandika mchezo, aliandika mstari mmoja: "Dafroza amepelekwa Mwanza. Hakulisoma."

Ukurasa wa Dafroza ulikuwa mweupe. Nyamburi aliwahi kuutamani ukurasa mweupe kuliko sukari. Sasa aliufunga upesi.

"Bandeji je, baba?"

"Mama yake alimfuata nazo. Anasema asante." Mzee Wanzagi alikohoa. "Dereva wa gari la misheni anasema huko Mwanza madaktari watatazama kama mguu unafaa kubaki. Kama haufai..."

Oktoba ikapita. Kiwanda kilikosa vipuri, mitambo ikanyamaza siku mbili kwa wiki, kisha tatu. Marobota yakapungua. Nyamburi aliendelea kwenda getini kila Alhamisi, ingawa hakuwa tena na shujaa wala mchezo wala sababu. Ufito aliuacha nyumbani, mama yake akautumia kuchochea moto.

Alhamisi ya mwisho ya Novemba mzee Wanzagi alimwita kwa mkono. Alitoa chini ya kiti kipande cha boksi la dawa, kimekunjwa mara mbili. Upande mmoja kulikuwa na maandishi ya kizungu ya kiwandani. Upande wa pili kulikuwa na penseli, na safari hii herufi zilikuwa zimesimama wima.

"Dada Nyamburi, sasa naandika nikiwa nimekaa. Bernado amekuja kunitazama, akanieleza yote uliyoyaandika kwenye daftari. Nilikasirika siku tatu. Nilikuwa nataka usome kwamba nimekasirika. Mguu wameukata juu ya goti. Nilikuwa nadhani sikuelewa mafunzo yako kwa sababu mimi ni mjinga, nikaacha kuuliza watu vitu, hata muuguzi sikumuuliza kitu. Sasa najua si ujinga. Thadeo akikataa, tucheze wawili. Zile pumzi kumi nazichukua. Lakini Nyamwezi-wa-Usiku ana mguu mmoja, hawezi tena kukimbia. Nifundishe upya kupigana. Nifundishe kweli."

Nyamburi alisoma mara mbili, kisha akampa mzee Wanzagi, ambaye alijifanya anasoma kwa mara ya kwanza.

"Baba, mguu haurudi."

"Haurudi. Wala si wewe uliyeukata, usijibebeshe hilo. Lakini sikiliza nikwambie, na huu si uongo wangu wa barabarani." Aliketi karibu naye juu ya ngazi ya lori. "Nilipoanza kuendesha gari, sikujua breki wala klachi. Kila aliyeniambia kanyaga, nilikanyaga. Mtu anayeanza hana macho yake. Anatazama kwa macho ya yule aliyemuuliza. Ndiyo maana kumdanganya huyo ni ubaya kuliko kumdanganya mjuzi mwenzako. Mjuzi atagundua. Huyu atajilaumu mwenyewe. Mtoto yule alilala miezi akijiona mjinga, kwa ajili ya kurasa zako tatu. Ulikiri, ukafanya vyema, na umeona kwamba kukiri hakurudishi kila kitu. Thadeo hajarudi. Fimbo ulikula. Lakini yeye amekuuliza tena, na watu wengi hawapatagi kuulizwa mara ya pili. Basi mjibu vizuri."

"Ndiyo, baba."

"Na uandike upesi. Hii ndiyo dizeli ya mwisho, mpaka sijui lini. Nikikwama njia panda nitahitaji kitu cha kusoma."

Nyamburi alitoa daftari la Sebuga kwenye mfuko wake. Akafunua mpaka zile kurasa nane za hesabu, zenye vijisanduku. Alifikiri sana juu ya shujaa mwenye mguu mmoja kati ya fisi wanaoongea, na hakuona njia nyingi. Mkuki angeweza kuuegemea. Ngao angeihitaji kuliko mtu yeyote. Dawa aitunze. Upepo wa ziwani ulifunua kurasa, akazikandamiza kwa kiwiko.

Akalamba ncha ya penseli, akaandika kwa herufi kubwa, bila kuhesabu mistari:

"Dafroza. Jambo la kwanza. Simama nyuma ya Ghati."